Pai ya Machi 14, uzi na mfuniko wa sufuria

Machi ikikaribia katikati, watoto wanaosoma Marekani huagizwa waende shuleni na kitu chochote cha duara. Wazazi tuliosomea Afrika Mashariki hushangaa: pai tuliyoijua ilikuwa 22/7 tu, na haikuwa na sikukuu.

Chimbuko la sikukuu hiyo ya pai ni San Francisco. Mwaka 1988 mwanafizikia Larry Shaw, aliyefanya kazi katika makumbusho ya sayansi ya Exploratorium, aliona kuwa Wamarekani, kwa kutanguliza mwezi, huandika Machi 14 kama 3/14, na pai huanza na 3.14. Yeye na wenzake wakaandamana kwa kuzunguka duara, kisha wakala pai za matunda. Novemba 2019 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Kwa sisi tunaoanza na siku, 22/7 ni Julai 22, na wapo wanaoiadhimisha hiyo pia.

Darasani hupendwa sana shindano la kukariri tarakimu. Kwangu hilo ni zoezi la kumbukumbu, halimwonyeshi mtoto pai inatoka wapi. Uzi humwonyesha. Auzungushe kwenye mfuniko wa sufuria, aupime kwa rula apate mzingo, apime kipenyo, agawanye mzingo kwa kipenyo. Mwenzake apime sahani, mwingine gurudumu la baiskeli. Majibu yatakuja 3.1, 3.2, 3.13, vitu vyenyewe vikiwa havifanani hata kidogo, na hapo ndipo maswali mazuri huanza. Kifuniko cha chupa hupotosha zaidi, kwa kuwa kosa la milimita moja ni kubwa kwa kitu kidogo.

Mwanahisabati Mgiriki Archimedes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, hakutegemea uzi. Alilibana duara kati ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na jingine nje, akathibitisha kuwa pai inazidi 3 10/71 lakini haifiki 3 1/7. Hiyo 3 1/7 ndiyo 22/7 yetu: inazidi pai kidogo, na walimu wachache walituambia.

Wanafunzi wakubwa wapewe njiti, jaribio la Mfaransa Buffon la karne ya 18. Chora sakafuni mistari sambamba, umbali kati yake uwe mara mbili ya urefu wa njiti. Angusha njiti ovyo, kisha gawanya idadi ya zote kwa idadi ya zilizokatiza mstari. Jibu huelekea pai, kwa sababu kila njiti inaweza kuangukia upande wowote wa mzunguko mzima. Njiti zikiwa chache jibu huyumba, kwa hiyo darasa lote lijumlishe zake.