Maisha Yanapokwama: Je, Mungu Ametusahau?



Hapa Igogwe na kwingineko Rungwe, neno "nimekwama" halisikiki tu wakati wa masika, magari yanapozama kwenye matope. Hulisema kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani bila kazi wala ada ya kuendelea. Hulisema mjane ambaye shauri la shamba la marehemu mumewe linaahirishwa kila mara. Hulisema mama anayeuguza mwaka wa tano sasa. Wote hawa wanasali na kutoa zaka, lakini mambo hayaendi. Ndipo linapokuja swali zito: Je, Mungu amenisahau?

Swali hili si la padre peke yake. Mtu asiyepata jibu katika jumuiya yake hulitafuta kwingine: kwa mganga, kwenye pombe, au kwa mhubiri anayeuza miujiza. Wapo waliouza ng'ombe na shamba kwa njia hiyo, wakabaki wamekwama zaidi ya mwanzo.

Mungu alianza na mkate

Maandiko hayafichi kwamba watu wa Mungu hukwama. Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa mlimani Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe (1 Fal 19). Tuangalie Mungu alifanya nini. Hakumkemea kwa uhaba wa imani, wala hakumpa mawaidha. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu, na huko akaisikia sauti ya Mungu.

Fundisho kwetu ni hili: anayekwama anahitaji kwanza kulishwa na kukaliwa karibu. Maana ya kiroho huja baadaye, na mara nyingi huja njiani. Kumwambia mwenye njaa kwamba hali yake ni mapenzi ya Mungu, halafu tukaondoka, si kumfariji.

Somo la mchai

Wakulima wa chai wa Rungwe wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Kila baada ya miaka michache mchai hupogolewa. Kwa wiki nyingi hakuna cha kuchuma wala cha kupeleka kiwandani. Mgeni akipita atadhani shamba limekufa. Mkulima anajua kwamba mizizi ingali hai, na kwamba asipopogoa, mchai utarefuka na mavuno yatapungua. Lakini hakai bure. Hupalilia, huweka mbolea, hutunza machipukizi. Waswahili husema mvumilivu hula mbivu. Tuongeze kwamba mvumilivu huyo anashika jembe.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola naye alikwama. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, akalala kitandani miezi mingi, na ndoto zake za sifa za vita zikakatika. Katika kipindi hicho alianza kuchunguza moyo wake. Baadaye aliwafundisha wengine kanuni inayofaa hata leo: wakati wa ukiwa usibadili uamuzi mwema uliofanya wakati wa amani. Zidisha sala kidogo, jichunguze, subiri. Maamuzi mengi ya kuacha shule, ndoa au dawa hufanywa usiku wa huzuni, na kujutiwa asubuhi.

Historia yetu wenyewe

Wamisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg, na wamisionari hao wakaondolewa. Hawakuweza kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti kutoka Livingstonia walisaidia kusimamia, lakini kazi ya kila siku ilibaki kwa walimu na wazee wenyeji. Miaka iliyoonekana kuwa ya kukwama ikawa miaka ya waamini kushika Kanisa kwa mikono yao.

Tunakumbuka pia miaka ya UKIMWI. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003-04 ulionyesha kwamba mkoani Mbeya takriban watu 13 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulianza mwaka 2004 tu. Kabla ya hapo, waliowahudumia wagonjwa majumbani hawakuwa na dawa ya kuzuia virusi. Walikuwa na uji, maji ya kuoga na sala. Wengi waliwazika wapendwa wao, na hatuwezi kusema machozi yale yalikuwa rahisi. Lakini waliotembelewa hawakuachwa peke yao.

Kamati na wafadhili wafanye nini?

Kwanza, tutofautishe. Kuna kukwama kunakohitaji kusubiri, na kuna kukwama kunakosababishwa na dhuluma. Mjane aliyenyang'anywa shamba anahitaji sala, na pia mtu wa kumsindikiza mahakamani.

Pili, kila jumuiya ijue ni nani ameacha kuja, na wawili waende kumwona. Wasiende na hotuba. Waende na sukari, wakae.

Tatu, tusiwaache vijana wakae bure. Hata bustani ndogo ya viazi au kikundi cha kuweka na kukopa humpa kijana sababu ya kuamka.

Kwa wafadhili wetu: mradi nao hupogolewa. Kuna robo mwaka ambayo taarifa haina cha kujivunia. Tunaomba msituache katika miezi hiyo, nasi tunaahidi kuwaeleza ukweli, hata unapokuwa mchungu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Nani kati yetu amekwama, na tumemtembelea lini?
2. Je, anachohitaji sasa ni mkate, haki, au mtu wa kusubiri naye?
3. Mungu alitufundisha nini tulipokwama sisi wenyewe?