Je, Wajua? Hewa huingia ikipata pa kutokea
Ndege ndogo ya kuundwa nyumbani, kama zile alizounda Gabriel Nderitu wa Nyeri, huweza kuwa tanuri hata ikiwa na matundu ya hewa mbele. Iache juani katika kiwanja cha Kitale, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari: kioo cha juu hunasa joto, na rubani hulowa jasho kabla ya kuruka. Wengi hukimbilia kutoboa tundu jingine mbele. Halisaidii! Chumba kisicho na pa kutolea hewa hakipokei nyingine. Tundu la kutokea liwekwe nyuma, mahali ambapo upepo wa nje hufyonza badala ya kusukuma. La kuingilia linalofaa sana ni lile lililozama ndani ya bodi, ambalo watafiti wa NACA, taasisi ya utafiti wa ndege ya Marekani, walilichunguza mwaka 1945. Halichomozi, kwa hiyo haliikwazi ndege sana. Lakini kwanza ziba kila upenyo wa nyaya kwenye ukuta wa injini. Mfyonzo ule ule wa nyuma huweza kuvuta kutoka kwenye injini kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ili kuigundua, kuna kadi ndogo za kubandika kwenye dashibodi. Doa la kadi hugeuka jeusi gesi hiyo ikiingia.