Sekondari Inayofundisha kwa Miradi

Mwaka 1918 mtaalamu wa elimu wa Marekani, William Heard Kilpatrick, alichapisha makala iliyoeneza wazo la kufundisha kwa miradi, yaani mwanafunzi kupata maarifa ya somo huku akitafuta ufumbuzi wa tatizo halisi. Kwa Tanzania wazo hilo si geni, kwani Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi na masomo viende pamoja. Lakini katika shule nyingi jembe lilibaki shambani na hesabu ikabaki ubaoni, hata kilimo kikageuzwa adhabu. Sekondari bora ni ile itakayoziba pengo hilo.

Ichukuliwe sekondari ya Dodoma, eneo kame linalopata mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, ambako wanafunzi wa kidato cha pili wamepewa swali moja la muhula mzima: je, paa la bwalo linaweza kuitosheleza shule maji ya kunywa? Kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, paa la mita za mraba 200 lingepokea lita 120,000 kwa mwaka, kabla ya kuondoa yanayomwagika. Na yakigawanywa kwa wanafunzi 300, kila mmoja angepata lita moja hivi kwa siku. Jiografia huongeza kuwa mvua hiyo haisambai mwaka mzima, hivyo tangi lazima livushe miezi mingi ya kiangazi. Biolojia hueleza kwa nini maji ya mwanzo, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingizwe tangini. Na Kiswahili hudai ripoti ambayo bodi ya shule itaielewa. Jawabu la kwamba paa halitoshi, likithibitishwa kwa vipimo, ni la mradi uliofaulu kabisa.

Kazi ya namna hiyo haienei katika kipindi cha dakika 40, wala haiwezi kubebwa na mwalimu mmoja. High Tech High, shule iliyofunguliwa San Diego mwaka 2000, huwapanga walimu wa masomo tofauti kufundisha kundi moja la wanafunzi, na kazi zao huonyeshwa hadharani, ambapo wazazi na wageni huuliza maswali. Hata hivyo, aljebra na sarufi bado zinahitaji mazoezi ya kila siku, na mradi usiofichua udhaifu wa mwanafunzi katika mambo hayo ni maonyesho matupu.

Kizuizi kikubwa ni mtihani, kwa maana mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya karatasi peke yake hana sababu ya kuhatarisha muhula wake. Wenye mamlaka ya mitihani na waipe kazi ya mradi alama zinazohesabika katika cheti. Na wakuu wa shule wasisubiri, bali waanze na darasa moja, walimu watatu na swali moja la kijijini kwao.