Tusiipoteze neema ya mbuzi wa udhiya

Ndugu Waislamu, kila inapowadia Idd el-Hajj, nyumba nyingi, za Lyamkena zikiwemo, huchinja mbuzi uani. Lakini ni mara ngapi nyama huharibiwa kwa nyongo iliyopasuka, na ngozi iliyotobolewa ikatupwa jalalani, ilhali jirani hana kitoweo? Huo ni ubadhirifu.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona kondoo mfu aliyetupwa, akauliza kwa nini wenyewe hawakunufaika na ngozi yake. Ikiwa ngozi ya mzoga ina thamani ikishatengenezwa, seuze ya mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu?

Basi tukishachinja, tungoje roho itoke kabisa, ndipo tumtundike mbuzi. Ngozi tuitenganishe kwa ngumi zaidi kuliko kisu, isitoboke. Kabla ya kutoa matumbo, tufunge umio na njia ya haja ili uchafu usimwagikie nyama. Nyongo tuikate pamoja na kipande kidogo cha ini. Kichwa na miguu vibabuliwe kwa supu, utumbo uoshwe, na ngozi itiwe chumvi siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa msala. Damu, iliyo haramu, ifukiwe shimoni.

Mchinjaji naye tumlipe fedha zetu, si nyama wala ngozi ya udhiya. Ndivyo Mtume alivyomwagiza Sayyidna Ali. Fungu la maskini lisigeuzwe ujira.

Wabillahi Tawfiq.