Tokyo, Taka Yako Ni Yako

Wasee wa Nai wakinicall, swali huwa ni moja: Tokyo ni safi hivyo kweli ama ni za TikTok? Ni kweli, na kitu inashtua wageni ni venye mapipa ni adimu. Unaweza piga raundi Koenji, ile base ya mitumba kali, umalize mkate yako na usicheki pipa hata moja barabarani. Karatasi inaingia kwa mfuko wa suruali, unaenda nayo hadi hao.

Hiyo stori ina uchungu ndani. Machi 1995, kundi la Aum Shinrikyo lilitoa gesi ya sarin kwa treni za chini ya ardhi hapa Tokyo, watu wakadedi na maelfu wakaumia. Baada ya hapo mapipa mengi yakatolewa kwa mastesheni na mitaani ju ya usalama. Ungedhani jiji litazama kwa uchafu. Halikuzama, ju kila mtu alianza kubeba yake.

Kazi yenyewe iko kwa keja. Ukihamia mtaa unapewa kalenda ya taka: siku za vitu za kuchomwa, siku ya plastiki, siku ya chupa na mikebe, siku ya makaratasi. Chukua chupa moja ya chai, zile zinauzwa kwa mashini kila kona. Ukishamaliza kunywa, unatoa kifuniko, unachuna lebo, unaisuuza, unaifinya. Kifuniko na lebo zina njia yao, chupa ina yake. Kabla ya saa mbili asubuhi unaishukisha pale majirani wameweka zao. Mifuko ya mabaki ya dishi inafunikwa na neti ndio kunguru wasiirarue. Ukichanganya vitu, wasee wa lori wanabandika stika kwa mfuko wako na kuuacha hapo hapo. Hakuna karao, hakuna kelele. Unaurudisha ndani, unaupanga upya.

Hicho ndicho nimependa hapa: uchafu wako unaumaliza mwenyewe kabla umfikie mwenzako.

Icheki kwa sento, zile bafu za mtaa. Tokyo 2024 ulikuwa unalipa yeni 550, bei inapangwa na serikali ya jiji. Unavua njumu mlangoni, unavua nguo zote, na bado huguzi dimbwi. Kwanza unakaa kwa kastuli kadogo, unajisugua na sabuni kutoka kichwa hadi vidole, unajimwagia maji mpaka povu yote iishe. Kale kastuli pia unakasuuza ju kuna msee anakuja nyuma yako. Ndio sasa unaingia kwa maji moto, mara mingi chini ya mchoro wa Mlima Fuji. Mnakaa hapo mzee wa mtaa, fundi na chali wa koleji, wote kwa maji moja, na hakuna mwenye anashuku mwenzake.

Kuna wenye husema hiyo ni damu ya Wajapani. Zii, ni mazoezi. Madogo wa primo hapa wako na muda wa usafi kwa ratiba ya shule, vile wako na hesabu. Wanafagia darasa, wanapangusa korido wameinama na tambara, na mwalimu yuko nao. Ndio maana kwa World Cup ya Qatar 2022, mafans wa Japani walibaki nyuma wakiokota taka hata kwa mechi ya ufunguzi, na timu yao haikuwa inacheza.

Na sisi hii kitu si ngeni kwetu. Wengi wetu tulideki madarasa tukiwa wadogo. Wangari Maathai alitembea Japani 2005, akapenda venye watu hapa wanaheshimu kitu hadi mwisho wake, akabeba huo ujumbe hadi UN. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea shopping 2017. Japani ilianza kulazimisha maduka yalipishe mifuko 2020. Kwa hivyo msee asikushow ati mayut wa Nairobi hawawezi.

Penye Tokyo imetupita ni lori. Lori inakuja siku kalenda ilisema. Msee anachuna lebo usiku akiwa amechoka na jobo ju anajua hiyo chupa haitaishia kwa mtaro. Mkono wa raia unaamini mkono wa serikali, na hiyo imani inalipwa kila wiki.

Kwa hivyo kwa mbogi zote zinaokota taka kando ya mto Nairobi, heshima. Endeleeni kuchapa kazi. Lakini kila mkimaliza kuosha mtaa, endeni kwa kaunti muulize lori inakuja siku gani, na muwashikilie kwa hiyo siku. Nyinyi mmefanya yenu. Daini na yao.