Kiti cha Nairobi: Toka Hati ya Uaminifu hata Jimbo la Kamukunji

Mtu akiulizwa ni nani aliyeshinda uchaguzi fulani, mara nyingi atajibu upesi. Akiulizwa ni watu gani walioruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi huo, huenda akanyamaza. Walakini swali la pili ndilo lenye maana kubwa, kwa sababu kabla ya kura kuhesabiwa ni lazima kwanza wapiga kura wenyewe wahesabiwe, na yule mwenye kuamua ni nani ahesabiwe na ni nani aachwe ana nguvu nyingi kuliko mgombea yeyote. Jambo hilo laonekana wazi katika habari za kiti kimoja cha mji wa Nairobi, ambacho leo hujulikana kwa jina la Kamukunji.

Jina hilo ni la kiwanja kilichoko upande wa mashariki wa mji, karibu na Gikomba na Shauri Moyo, mahali palipozoea mikutano mikubwa ya siasa. Jimbo la uchaguzi lenye jina hilo lina Pumwani, Eastleigh na mitaa mingine ya jirani. Lakini asili ya kiti chenyewe ni ya zamani zaidi kuliko jina lake, maana yatoka katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Kenya, uliofanywa Machi 1957.

Kabla ya mwaka huo Mwafrika hakumchagua mtu wa kumsemea katika Baraza la Kutunga Sheria. Wazungu walikuwa wakiwachagua wajumbe wao tangu mwaka wa 1920. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo, Bw. Eliud Mathu, aliingia mwaka wa 1944 kwa kuteuliwa na Gavana, na wale waliomfuata vile vile waliteuliwa. Mwaka wa 1955 Serikali ilimwagiza Bw. Walter Coutts achunguze njia ya kuwapata wajumbe Waafrika, na kwa shauri lake viti vinane vikawekwa kwa kura. Kimoja kati ya vinane hivyo kilikuwa cha Nairobi, mji mzima.

Basi, ni nani aliyeweza kupiga kura? Sheria ilitaka mtu awe ametimiza miaka 21, tena awe na sifa mojawapo katika zile zilizoandikwa: elimu ya kiasi fulani, mapato au mali ya kiasi fulani, utumishi wa miaka mingi, na nyingine kama hizo. Mwenye sifa moja alipewa kura moja, na mwenye sifa zaidi aliongezewa hata akafikia kura tatu. Kwa mfano, karani aliyesoma sana, mwenye mshahara mzuri na utumishi mrefu, aliweza kuingia kituoni na kupiga kura tatu. Jirani yake mwenye sifa moja alipiga moja, na mchukuzi wa mizigo asiye na sifa hata moja alibaki nje akitazama. Wote watatu walilala katika mtaa mmoja na kuteka maji katika bomba moja.

Juu ya masharti hayo kulikuwa na sharti jingine lililowahusu Wakikuyu, Waembu na Wameru peke yao. Kwa kuwa nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari, mtu wa makabila hayo hakuandikwa katika orodha ya wapiga kura ila awe na hati ya uaminifu, yaani cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa upande wa Serikali katika vita vya Mau Mau. Tena katika Nairobi wengi wao hawakuwapo hata kuomba cheti hicho. Tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya askari waliuzingira mji, wakapita nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakachukuliwa kupelekwa vizuizini. Wengine wengi walirudishwa katika wilaya zao. Kwa hiyo orodha ya mwaka wa 1957 ilikuwa orodha ya mji uliokwisha kuchungwa kama unga, na chenga zikatupwa.

WAGOMBEA WAWILI WA MWAKA WA 1957

Katika wagombea wa Nairobi, wawili ndio waliokuwa na nguvu, na wote wawili walikuwa Wajaluo. Mmoja alikuwa Bw. Clement Argwings-Kodhek, wakili, aliyekuwa amejipatia sifa kwa kuwatetea mahakamani watu walioshtakiwa kwa Mau Mau. Kwa kuwa vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilikuwa vimekatazwa tangu chama cha K.A.U. kupigwa marufuku mwaka wa 1953, yeye alikuwa ameanzisha chama cha wilaya ya Nairobi tu, kwani hicho ndicho kilichoruhusiwa.

Wa pili alikuwa Bw. Tom Mboya, kijana wa miaka 26. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, naye alizaliwa katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanya kazi. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya katika Halmashauri ya Mji, kisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Watu wa Mombasa walimkumbuka kwa mgomo wa bandarini wa Machi 1955, naye alikuwa amerudi tu kutoka masomoni Oxford. Hakuwa na elimu ya sheria kama mwenzake. Lakini alijua mshahara wa mfanya kazi wa Nairobi ni shilingi ngapi, na kodi ya chumba ni kiasi gani, na hayo ndiyo yaliyozungumzwa jioni katika mitaa ya Kaloleni na Ziwani.

Bw. Mboya alishinda. Kura zake zilizidi 2,000 kwa kiasi kidogo tu, na tofauti kati yake na Bw. Argwings-Kodhek haikufika 400. Msomaji akumbuke kwamba hizo ni hesabu za kura. Watu wenyewe walikuwa wachache kuliko hizo, maana wengine walipiga mbili au tatu. Hivyo ndivyo alivyopatikana mjumbe wa kwanza wa Waafrika wa mji mkuu.

Wajumbe wale wanane, wakiwamo Bw. Oginga Odinga, Bw. Ronald Ngala, Bw. Masinde Muliro na Bw. Daniel arap Moi, walipofika Barazani walikataa kupokea vyeo vya uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka wa 1958 viliongezwa viti sita. Bw. Argwings-Kodhek naye hakupotea katika siasa. Mwaka wa 1963 alichaguliwa mjumbe wa Gem, akawa waziri, akafa kwa ajali ya motokaa Januari 1969.

MLANGO WAFUNGULIWA, 1961

Mapema mwaka wa 1960 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Hali ya Hatari ilikomeshwa, na mkutano wa katiba ukafanywa Lancaster House, London. Mkutano huo ulikubali viti 33 vya Baraza vipigiwe kura na watu wa kila taifa katika orodha moja, na viti 20 vingine viwekwe kwa ajili ya Wazungu, Wahindi na Waarabu. Masharti ya mpiga kura yalilegezwa sana. Kujua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe kulimtosha mtu, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, au kushika kazi fulani za utumishi, au kuwa na mapato ya pauni 75 kwa mwaka. Kura ya pili na ya tatu zikafutwa, na hati ya uaminifu haikutakiwa tena.

Matokeo yake katika Nairobi yalikuwa makubwa. Wakikuyu waliorudi mjini waliandikishwa kwa wingi, hata katika jimbo jipya la Nairobi Mashariki wakawa ndio wengi wa wapiga kura. Hapo Bw. Mboya, aliyekuwa sasa katibu mkuu wa chama cha KANU, alipingwa na Dk. Munyua Waiyaki, daktari, Mkikuyu, mjukuu wa Waiyaki wa Hinga ambaye watu wa Kiambu wamemkumbuka tangu walipoanza kuingia Wazungu. Wote wawili walikuwa watu wa KANU. Basi hapakuwa na hoja ya chama cha kumwongoza mpiga kura, na watu wengi, wa ndani ya nchi na wa nje, walitazamia kwamba kila mtu angempa kura mtu wa kabila lake. Kama ingekuwa hivyo, Bw. Mboya angeshindwa vibaya.

Uchaguzi ulifanywa Februari 1961. Bw. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000, na Dk. Waiyaki hakufikisha 3,000.

Sababu za ushindi huo si za siri. Chama cha wafanya kazi hakiulizi mtu kabila lake anapodai nyongeza ya mshahara, na kazi ya Bw. Mboya ya miaka minane ilikuwa hiyo. Mwaka wa 1959 alikuwa amesaidia kuwapeleka Marekani kwa ndege wanafunzi 81, na wazazi wengi Wakikuyu walikuwa na watoto miongoni mwa waliosafiri au waliotumaini kusafiri baadaye. Tena alisema waziwazi kwamba Bw. Jomo Kenyatta afunguliwe. Mtu aweza kusema kwamba hii ya mwisho ilikuwa hoja ya kila mgombea wa mwaka ule, na ni kweli. Lakini hata hoja ikiwa ya wote, wapiga kura bado walipaswa kumwamini mmoja wa kuibeba. Wale wale ambao miaka minne kabla yake hawakuhesabiwa kuwa watu wa kuaminiwa na kura walimchagua mtu wa kabila jingine kwa wingi ambao haukutazamiwa.

Dk. Waiyaki hakuweka kinyongo cha kumtoa katika siasa. Mei 1963 yeye na Bw. Mboya waliingia pamoja katika Baraza la Wawakilishi, kila mmoja kwa jimbo lake la Nairobi, na miaka ya baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Katika uchaguzi huo wa 1963 kila mtu mzima aliyetimiza miaka 21 alikuwa na kura, mwanamume na mwanamke, aliyesoma na asiyesoma. Jimbo la Bw. Mboya liliitwa Nairobi ya Kati. Ndilo lililokuja kuitwa Kamukunji.

BAADA YA MWAKA WA 1969

Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Bw. Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katika Government Road, barabara ambayo leo ni Moi Avenue, akafa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Oktoba mwaka huo chama cha upinzani cha K.P.U. kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba ukawa wa watu wa KANU kushindana wao kwa wao. Sheria ya kura ilikuwa ile ile ya mtu mmoja kura moja, ila mlango wa wagombea ndio uliofanywa mwembamba.

Mtu aliyejulikana zaidi na kiti hicho kwa miaka iliyofuata ni Bw. Maina Wanjigi, aliyekikalia katika miaka ya 1970 na tena katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1988 KANU iliacha karatasi za siri katika kuteua wagombea, ikawataka watu wapange mlolongo hadharani nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka. Mfanya kazi alisimama nyuma ya picha huku mwajiri wake, mwenye nyumba wake na chifu wakimtazama. Mwaka wa 1957 watu walizuiwa kwa cheti, na mwaka huu walizuiwa kwa macho. Mei 1990 Bw. Wanjigi, akiwa Waziri wa Kilimo, alilalamika waziwazi juu ya kubomolewa kwa vibanda vya watu maskini wa Muoroto, naye akaondolewa uwaziri. Tarehe 7 Julai mwaka huo watu walioitwa kukusanyika katika kiwanja cha Kamukunji kudai vyama vingi walitawanywa na polisi. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa mwaka huo huo, na Desemba 1991 sheria ya chama kimoja nayo ikafutwa.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulimpa kiti hicho Bw. George Nthenge wa FORD-Asili, Mkamba, mmoja wa wazee sita walioanzisha FORD mwaka wa 1991. Mwaka wa 1997 kilichukuliwa na Bw. Norman Nyagah kwa chama cha D.P., akakishika tena mwaka wa 2002 kwa NARC. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliingia fujo, na ushindi wa Bw. Simon Mbugua ukapelekwa mahakamani na kubatilishwa, hata wapiga kura wakaitwa upya Agosti 2011. Aliyeshinda safari hiyo ni Bw. Yusuf Hassan, Msomali, mwandishi wa habari wa zamani.

Desemba 2012, huko Eastleigh, bomu lililipuka katikati ya watu. Baadhi yao walikufa, na Bw. Hassan akaumizwa vibaya miguu, akapelekwa ng'ambo kutibiwa. Siku ya kura, tarehe 4 Machi 2013, alikuwa bado hajapona. Watu wa Pumwani, Shauri Moyo na Eastleigh walimchagua tena, wakamchagua pia mwaka wa 2017 na mwaka wa 2022.