Toka Kisangani Mpaka Kinshasa: Kilomita Ngapi, Saa Ngapi?

Wazazi na wanafunzi hutuuliza mara nyingi: Kinshasa ni mbali kadiri gani na Kisangani? Swali ni fupi, lakini lina majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Ndege hupita kilomita 1,225 hivi. Chombo cha mtoni huenda kilomita 1,734.

Tazameni ramani, mtaona sababu yake. Mto Kongo ukiacha Kisangani haukimbilii Kinshasa moja kwa moja. Kwanza hupanda kaskazini-magharibi, hupita Isangi, Basoko, Bumba na Lisala. Ndipo hugeuka kusini na kukata ikweta huko Mbandaka. Mto ni mti wa upinde, nayo ndege hufuata uzi wake.

Ndege ya jeti hukaa angani saa moja na nusu, au mbili kasoro kidogo. Mashua iliyojaa watu na mizigo yaweza kukaa majuma, hasa ikipandisha mto, maana hushindana na mkondo, tena hukwama penye mchanga.

Hapa wanafunzi wajihadhari. Ukiondoka Kinshasa saa mbili asubuhi, ukasafiri saa mbili kamili, saa ya ukutani Kisangani itakuonyesha saa tano, wala si saa nne. Ukirudi, ukiondoka Kisangani saa sita mchana, utafika Kinshasa saa saba! Ndege haikuongeza mbio. Kisangani hutangulia Kinshasa kwa saa nzima, kwa kuwa jua huchomoza mashariki kwanza. Kwa kweli jua lenyewe hupita kati ya miji hiyo kwa dakika 40 tu. Hiyo saa nzima ni mapatano ya serikali.

Tena tusichanganye muda wa kuruka na muda wa safari. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels kwa ndege tarehe 12 Februari, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Ni siku 51. Lakini angani alikaa saa 75 na dakika chache tu. Siku nyingine zote zilikwisha chini, kwa matengenezo na kungoja.

Mambo hayo hayajakwisha, na aliye Barumbu, jirani ya Basoko, anayajua kuliko sisi. Akitaka kupanda ndege Kisangani, lazima kwanza apandishe mto zaidi ya kilomita 200 kuelekea mashariki, yaani aipe Kinshasa kisogo, kisha aende uwanja wa Bangoka nje ya mji. Safari hiyo ya kwanza humchosha kuliko ile ya angani.

Na jina lisiwadanganye wenye kutuma barua na vifurushi: Kinshasa nako kuna Barumbu, komini ya mji yenye uwanja mdogo wa ndege wa Ndolo. Andikeni jimbo la Tshopo waziwazi.

Basi, kijana wa Barumbu akiitwa kwenye mtihani Kinshasa siku ya Jumatatu, baba yake asihesabu zile saa mbili za angani. Aanze kuhesabu siku palepale ukingoni, mtumbwi unapofunguliwa kamba, na aongeze siku za kungoja ndege.